Usiisugue medali hiyo

Ndugu, umeuliza kama uing'arishe medali ya fedha ya Uingereza ya vita vya 1914–1918 uliyoipata mnadani. Tafadhali, usiisugue. Isimamishe kwa ubavu chini ya taa, uchukue kioo cha kukuzia: kwenye ukingo utaona namba, cheo, jina na kikosi cha askari, herufi ndogo zilizogongwa. Jina hilo ndilo thamani yake, na kila ukisugua linafifia. Medali nyingi za Uingereza za vita vya 1939–1945 zilitolewa bila jina, kwa hiyo umebahatika. Ihifadhi pakavu.

Lile kombora bovu unalotaka kulichimbua shambani, liache hapo hapo. Baruti ya miaka mia bado hulipuka. Waite polisi leo.