Majumba ya Ukoo wa Medici: Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika biashara ya minofu ya sangara hapa Mwanza, na nimealikwa kuhudhuria mafunzo nchini Italia. Nitapata siku mbili za mapumziko mjini Florence, ambako nasikia yapo majumba ya fahari ya ukoo wa Medici uliotawala mji huo. Nianze na lipi, na je, mtu asiyesomea sanaa ataambulia nini humo? – Msomaji, Nyegezi.

JIBU: Ndugu msomaji, tunakushauri uyatembelee kwa kufuata umri wake, kwa sababu yakitazamwa kwa utaratibu huo yanaonyesha jinsi ukoo wa wenye benki ulivyoushika mji bila cheo chochote, na baadaye ukatawala waziwazi.

Anza na Palazzo Medici Riccardi, jumba ambalo Michelozzo alianza kumjengea Cosimo Mzee mwaka 1444. Benki ya familia ilianzishwa na baba yake mwaka 1397, na Cosimo mwenyewe alikuwa amefukuzwa mjini mwaka 1433 na kurejea mwaka uliofuata, kwa hiyo alijua hatari ya kuonekana mkubwa kuliko wenzake katika mji uliojiita jamhuri. Ukuta wa chini unaoelekea barabarani ni wa mawe makubwa yaliyoachwa na ukwaru wake, na fahari yenyewe imewekwa ndani. Panda hadi kanisa dogo la familia, ambako Benozzo Gozzoli alianza kuchora ukutani, mwaka 1459, msafara wa Mamajusi. Usiwe na haraka hapo. Miongoni mwa wapanda farasi waliovalia mavazi ya dhahabu zimo sura za akina Medici wenyewe: watu ambao hawakuthubutu kujiita wafalme mbele ya raia walijiweka katika msafara wa wafalme ndani ya chumba chao cha sala. Hilo halihitaji shahada ya sanaa. Anayeijua Injili ya Mathayo, na aliyewahi kuona wakubwa wanavyogombea viti vya mbele, ataelewa.

Palazzo Vecchio litakuonyesha hatua iliyofuata. Cosimo wa Kwanza, wa tawi jingine la ukoo, alishika utawala mwaka 1537, na mwaka 1540 akahamia na familia yake katika jengo hilo lililokuwa makao ya serikali ya jamhuri. Mwaka 1549 mkewe, Eleonora wa Toledo, alinunua Palazzo Pitti ng'ambo ya mto Arno, na mwaka 1565 Giorgio Vasari akajenga ushoroba wa juu unaounganisha majumba hayo mawili kwa kupita juu ya daraja la Ponte Vecchio, ili watawala wapite bila kukutana na watu. Kwa maoni yetu, ushoroba huo unaeleza hofu ya watawala kuliko ukumbi wowote. Kwa kuwa wewe ni mtu wa samaki, huenda ukapenda kujua pia kwamba wauza nyama wa darajani waliondolewa mwaka 1593 kwa sababu ya harufu, na nafasi zao wakapewa masonara, ambao biashara yao ipo hapo mpaka leo.

Ndani ya Pitti picha zimejaa kuta hadi juu na macho huchoka upesi. Chagua kumbi ambazo dari zake zilichorwa na Pietro da Cortona, kisha utoke kwenye bustani ya Boboli.

Kwamba vitu hivyo vyote bado vipo Florence ni kazi ya mwanamke mmoja, Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo huo. Kaka yake alipofariki mwaka 1737 bila mrithi, alikubaliana na watawala wapya kwamba wangepokea hazina ya familia kwa sharti kwamba isiondolewe mjini, ibaki kwa manufaa ya umma na kuvutia wageni. Sisi tulioziona ngoma za watemi zikiwa zimehifadhiwa Bujora, katika ardhi ya Wasukuma wenyewe, tunauheshimu sana uamuzi huo.

Angalia vizuri siku zako: Palazzo Medici Riccardi hufungwa Jumatano na Pitti hufungwa Jumatatu. Kanisa lenye Mamajusi ni dogo na huingiza watu wachache kwa zamu, hivyo nunua tiketi mapema na ufike asubuhi.