Prednisolone, njaa na uzito: majibu kwa maswali yenu

Nameza prednisolone miligramu 20 kwa ajili ya lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe). Njaa hainiachi, mpaka usiku naamka kula. Nifanyeje? (Dada, Morogoro)

Dada, hiyo njaa inaletwa na dawa, si ulafi. Prednisolone ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza kinga ya mwili na uvimbe. Kujinyima hakusaidii, anayeruka chakula cha mchana huishia kufunua masufuria usiku. Kula mara tatu kwa saa zilezile, ila panga sahani upya: nusu mboga za majani, kabichi, bamia au kachumbari, robo maharage, samaki, kuku au mayai, robo iliyobaki ugali au wali, kadiri ya ngumi yako. Anza na mboga na maharage, ugali ufuate. Kwa ajili ya usiku weka tayari yai la kuchemsha, tango, au karanga za kujaa kiganja kimoja. Kimoja tu, maana gramu 30 za karanga zina kalori kama 170.

Wengi wanaharibikiwa kwenye mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na anayemimina kutoka kwenye kidumu hamimini kijiko kimoja. Pima: vijiko viwili kwa chungu cha watu wanne vinatosha. Soda ya mililita 300 nayo hubeba sukari ya gramu 30 hivi, na njaa haiondoi.

Uso umekuwa wa duara na miguu inavimba. Nikipunguza chumvi vitaisha?

Miguu itapungua, uso, si sana. Steroidi hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na pia huhamishia mafuta usoni, kisogoni na tumboni. Kilo mbili zilizoongezeka ndani ya siku tatu ni maji. Bonyeza muundi kwa kidole gumba; shimo likibaki, ndiyo hayo. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, viungo vya mchuzi vya pakiti na ng'onda. Dagaa wa Zanzibar mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waroweke na kumwaga maji. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitarudisha ladha. Uso husubiri dozi ishushwe, na huchukua miezi. Ukivimba ghafla huku pumzi ikibana, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nilipima sukari asubuhi kabla ya kula, ikawa 5.3 (mmol/L). Mbona nina kiu na nakojoa sana?

Kwa anayemeza prednisolone asubuhi, kipimo hicho kinaweza kudanganya. Sukari hupanda kuanzia mchana hadi jioni, kisha usiku hushuka. Omba upimwe saa mbili baada ya chakula cha mchana, au kabla ya chakula cha jioni. Ikifika 11.1 nawe una dalili hizo, hicho ni kisukari, kianze kutibiwa. Pa kupunguza kwanza ni wali wa mchana na chai ya saa kumi yenye sukari na maandazi.

Niache maziwa ili nisinenepe?

Hapana, dawa hii hudhoofisha mifupa. Unahitaji kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, na glasi ya mililita 250 ina kama 300. Chukua yaliyopunguzwa mafuta, kalsiamu yake haipungui, na kama ni mabichi yachemshe, kwa kuwa kinga yako imeshuka. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni wazuri sana. Mchicha una kalsiamu lakini mwili hauipati vizuri; sukuma wiki inaushinda. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kwanza kuhusu maziwa, dagaa na maharage.

Nimeongezeka kilo 9. Naacha vidonge wiki hii.

Usiache, ndugu. Baada ya wiki tatu au zaidi za dawa, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huwa zimepunguza kutengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe. Ukikata ghafla, presha inaweza kushuka, ukatapika, ukazimia, hata kufa. Jipime mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai. Andika, kisha mpelekee daktari orodha hiyo na umuulize kama dozi inaweza kushushwa hatua kwa hatua. Zile chai na vidonge vya kukata tumbo visikuingie mdomoni: vingi huharisha tu, na kuharisha hupoteza potasiamu ambayo prednisolone tayari inaipunguza.