Kutunza Taarifa za Picha Wakati wa Kuihariri

SWALI: Kila ninapohariri picha kwenye kompyuta na kuihifadhi upya, tarehe iliyopigwa, aina ya kamera na mipangilio ya lenzi hutoweka. Nifanye nini ili taarifa hizo zibaki?

JIBU: Taarifa hizo huandikwa na kamera ndani ya faili lenyewe kwa mfumo wa Exif, uliotolewa Japani mwaka 1995, na katika faili la JPEG hukaa mwanzoni, kabla ya data ya picha, kwa hiyo programu inayoandika faili jipya ndiyo inayoamua kuzinakili au kuziacha. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, dirisha la kuhamisha picha (Export) lina visanduku vya Exif na vya XMP na IPTC, ambayo ni mifumo mingine ya kuandika taarifa za picha. Hakikisha vimetiwa alama. Epuka amri za kuhifadhi kwa ajili ya tovuti, ambazo mara nyingi hufuta taarifa ili kupunguza ukubwa wa faili, akiba ambayo kwa picha kubwa ni ndogo mno kulinganishwa na hasara yake.

Usiandike kamwe juu ya picha asilia. Ukiwa nayo, hata taarifa zilizokwisha kupotea zinaweza kurudishwa kwa ExifTool, programu isiyolipiwa inayoweza kuzinakili kutoka faili la awali hadi lililohaririwa. Hata hivyo, baada ya kunakili kagua alama ya mwelekeo (Orientation), inayoielekeza programu jinsi ya kuizungusha picha inapoionyesha: ikiwa programu ya kuhariri ilikwisha kuisimamisha picha wima, alama ya zamani itafanya izungushwe mara ya pili, na hapo utairekebisha kwa kuipa thamani ya 1.