Kugawa mzinga bila kununua malkia

Kaka wa Sikonge uliyeuliza kama upande usio na malkia utakufa ukigawa mzinga wa nyuki, haufi, ila lazima uwaachie sega lenye mayai au majana (watoto wa nyuki) yasiyofika siku 3 toka yaanguliwe, hayo ndo wanayageuza malkia, yakizidi hapo basi tena. Na wakung'utie nyuki wachanga wa kutosha toka masega ya majana, maana wale wakubwa wa kutafuta chakula watarudi mzinga wa zamani, wengi tunakosea hapo. Malkia anatoka kama siku ya 16 toka yai litagwe, mpe wiki 2 hivi apandwe na madume aanze kutaga. Usifunguefungue plizi, nyuki wetu ukiwasumbua wanahama. Kugawa kwenyewe subiri miti ya miombo ichanue, fanya jioni.