Mwanangu, kuhusu ile "utusamehe deni zetu"

Mwanangu, nimeiona meseji yako ya jana usiku nikasema niandike maana kwenye simu tungekatishana. Umeuliza mbona Biblia ya Kiingereza unayosoma huko inasema "tumeshawasamehe" na mimi nimekukuza na "tuwasamehevyo", na je unaweza kuisali hiyo Sala ya Bwana wakati baba mdogo bado hujamsamehe ile habari ya shamba.

Hakuna aliyekosea. Kwenye Mathayo 6:12 kitenzi cha Kigiriki ni afiemi, yaani kuachilia, kipo mara mbili. Kwanza afes, hapo tunaomba, achilia. Halafu ndo inakuja hiyo ya pili, nakala za Biblia za kale sana zilizoandikwa kwa mkono, kama zile ziitwazo Sinaitiko na Vatikano za karne ya 4, zina afekamen, yaani tumeshaachilia, lakini nakala nyingi za baadaye zina umbo la sasa, na hata Luka 11:4 ni la sasa, "tunamsamehe kila tumwiaye".

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba hicho kitenzi ni cha kila siku kabisa. Homa ilipomwacha mama mkwe wa Simoni, Marko 1:31, ni hichohicho, wale wavuvi walipoziacha nyavu ni hichohicho, Lazaro katoka kaburini kafungwa sanda Yesu anasema mfungueni mkamwache aende zake, hichohicho! Paulo anakitumia hata kwa mume kumwacha mke. Sasa nenda Mathayo 18, yule mtumwa kasamehewa talanta 10,000, katoka nje kamkuta mwenzake ambaye yeye ndiye anamdai dinari 100, akamkaba koo. Mkono uko kooni kwa mtu mwanangu, hiyo ndo kinyume cha afiemi, maana afiemi ni mkono kuachia. Na wala haisemi usahau, wala haisemi shamba halikuwa lako.

Kwa hiyo sali. Mimi mwenyewe miaka miwili nilikuwa nikifika hapo kwenye "kama sisi nasi" nanyamaza, wenzangu kanisani wanaendelea mimi nawadaka kwenye "usitutie majaribuni", na baba yako alikuwa anajua ila hakuwahi kuniuliza. Siku nilipoweza kuitamka yote baba mdogo wako hata hakuwa ameomba radhi, na mpaka leo hajaomba. Anakuulizia lakini, kila akipita hapa anauliza utakuja lini.