Mume wangu amerudi kutoka kambi ya mateka, lakini hasemi

Marahaba mwanangu.

Unaandika kwamba mumeo, mkulima aliyeingia jeshini, alitekwa vitani na sasa ni mwaka wa pili tangu arudi kijijini. Anaficha chakula chini ya godoro, analala ameegemea mlango, na watu wananong'ona kwamba alitoboa siri za wenzake. Kwa huruma, shemeji zako wanamlimia shamba, nawe umeficha jembe ili apumzike. Unauliza kama umlazimishe kusimulia yaliyompata.

Usimlazimishe. Huko alikokuwa, maswali yalitoka kwa watu wenye bunduki. Kaa naye tu, fanyeni kazi pamoja. Siku akianza mwenyewe, sikiliza bila kumkatiza, wala usilie mpaka yeye ndiye abaki kukubembeleza.

Kilichonichoma zaidi katika barua yako ni lile jembe. Mateka haamui chochote: ale nini, alale saa ngapi, hata chooni huenda kwa ruhusa. Sasa yuko nyumbani, na bado wengine ndio wanaomwamulia. Najua mnampenda, lakini mrudishieni jembe leo. Achague mwenyewe aanze kulima wapi, hata akiacha kazi katikati na kwenda kukaa kivulini. Shemeji zako wasiguse shamba bila kumwuliza.

Kile chakula usikitupe. Mpe chombo chenye mfuniko, mwambie ni chake, na asikute kimepunguzwa hata kidogo. Usiku akipiga kelele, simama mbali umwite kwa jina. Usimguse kabla hajazinduka, maana anaweza kukurushia ngumi bila kujua ni wewe.

Hiyo minong'ono imeniudhi. Kutekwa si usaliti! Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu mateka wa vita unamtaka mateka aseme jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, basi. Kumtesa ili aseme zaidi ni marufuku kabisa. Kama neno lilimtoka kwa mateso, aibu ni ya waliomtesa. Mtafuteni mzee anayeheshimika awaeleze watu hayo, mumeo akiwa hayupo. Wewe usijibizane na mtu njiani.

Umesema pia ofisi ya malipo inadai ushahidi kwamba alikuwa mateka. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huweka kumbukumbu za mateka wa vita na hutoa hati za kuthibitisha kwa wale ilio na taarifa zao. Ombeni kupitia chama cha Msalaba Mwekundu, au Hilali Nyekundu, cha nchini mwenu. Lakini mwulize kwanza kama anataka. Hilo nalo aamue yeye.

Kukosa usingizi mzuri muda wote huu huenda ni dalili ya kiwewe, yaani jeraha la akili baada ya mateso, na kiwewe kina tiba. Mshawishi amwone daktari wa afya ya akili, na kama wapo wenzake aliofungwa nao, wakaribishe. Huenda akawaambia wao asiyokwambia wewe, usione wivu. Akianza kuzungumzia kufa, usimwache peke yake hata kidogo, mfikisheni hospitali siku hiyohiyo. Na akikupiga akiwa macho na akili zake, toka na watoto mkae kwa ndugu, kisha ndiyo yatafutwe mazungumzo. Mateso aliyopitia hayampi ruhusa ya kukutesa.

Niandikie ofisi ikishajibu.

Shangazi yako