Miezi 18 Nikibishana na Daktari Nisiyemjua

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kaliua ameniandikia. Mwanawe ana miaka minne na ana sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi unaokunja chembe za damu kuwa kama mundu. Daktari ameshauri aanzishiwe dawa iitwayo haidroksiyurea, lakini baba wa mtoto, ambaye wameshaachana, amesema sumu hiyo mwanawe hanywi. Dada anauliza afanye nini.

Kilichonishangaza ni kuniuliza mimi. Mimi mnanijua kwa habari za nyuki: mzinga utundikwe wapi, urinwe lini, asali mbichi unaitambuaje. Ila mwaka jana niligusia habari ya mwanangu katikati ya makala ya ukaushaji wa asali, na inaelekea kuna waliosoma hadi chini. Basi leo nyuki wapumzike.

Dada, huyo baba wa mtoto wako namjua. Sijawahi kumwona, lakini maneno yake ndiyo niliyokuwa nayasema mimi, neno kwa neno.

Mwanangu tunamwita Babu kwa sababu amerithi jina la marehemu baba yangu. Alizaliwa Kigoma mwaka 2016, enzi hizo nachukua mawese na dagaa kule naleta Tabora, na kutoka huku napeleka asali. Alipofika mwaka na nusu akavimba viganja na nyayo, analia ukimgusa. Tukadhani kaanguka. Vipimo vikarudi na herufi mbili, SS, yaani sikoseli. Mwaka 2019 mimi na mama yake tukaachana kwa sababu ambazo hazihusiani na ugonjwa, ingawa siwezi kuapa kwamba ugonjwa haukuchangia. Mimi nikarudi Tabora, yeye akabaki Ujiji, hukohuko Kigoma, kwa wazazi wake. Katikati yetu pakawa na zaidi ya kilomita 400 za reli na mtoto mmoja.

Juni 2022 mama yake akanipigia. "Baba Babu, daktari anataka tumwanzishie dawa mpya. Amelazwa mara nne mwaka huu, damu ameongezewa mara mbili." Nikamwambia nitajie dawa, yaani taja jina herufi kwa herufi, niandike. Usiku ule nikaingia intaneti na mstari wa kwanza nilioelewa ulisema dawa hiyo hutibu kansa ya damu. Sikusoma wa pili. Binamu yangu mmoja akaongeza kwamba inaua uzazi. Asubuhi nikampigia: mwanangu hana kansa, dawa ya kansa hanywi. Nikamtumia lita tano za asali ya Sikonge.

Mnaweza kucheka. Mtu anayeishi kwa kuuza asali ataamini asali inatibu nini? Kila kitu.

Tukabishana hivyo mwaka mzima na nusu. Yeye anasema, "Daktari kasema." Mimi najibu, "Mwambie huyo daktari wako." Kila swali langu lilisafiri kwa simu hadi Ujiji, likaenda kliniki mdomoni mwa mwanamke niliyemkasirikia, na jibu likarudi kwa mdomo uleule. Jibu la namna hiyo hata liwe sahihi vipi, unalisikia kwa sauti ya mtalaka wako. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye kiti cha kliniki ile hata siku moja. Nilikuwa nabishana na daktari ambaye sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke. (Mwanamke. Nilikuja kumjua baadaye.)

Nikafanya na lingine baya zaidi. Nikamwambia mama Babu, "Akifika miaka saba namchukua, sheria iko wazi." Wanaume wengi tunaitembeza kauli hii vijiweni kama vile tumeisoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa mahakamani. Haisemi popote kwamba akizima mishumaa ya saba baba anakuja na begi. Kinachotangulizwa ni maslahi ya mtoto, na akishaweza kutoa maoni yake, naye anasikilizwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inataja matibabu pamoja na chakula, malazi na elimu katika mambo ambayo mzazi anapaswa kumpa mtoto. Haya sikuyajua kwa kupenda kusoma. Niliambiwa nikiwa nimekaa mbele ya afisa ustawi wa jamii.

Maana mama Babu alichoka. Februari 2023 barua ya wito ililetwa kibandani kwangu sokoni, mchana, wateja watatu wamesimama. Mleta barua akaniambia nisaini hapohapo. Mpaka leo nikimwona yule mteja aliyekuwa anapima asali ya kilo mbili najisikia vibaya. Ningeomba aliyepanga siku ile asome hapa: kulikuwa na haja gani ya kuniaibisha hadharani? Simu yangu walikuwa nayo.

Nilikwenda. Nikakubali kwa shingo upande. Machi mtoto akaanza kapsuli.

Sasa nifike Desemba, ambako sipendi kufika.

Babu alikuja Tabora likizo, ameshatimiza saba. Mama yake alifunga dawa kwenye mfuko wa kaki, kaandika juu kwa kalamu nyekundu: foliki asidi moja asubuhi, haidroksiyurea moja usiku, maji mengi, asiogelee, akipata homa ya 38.5 hospitali MUDA HUOHUO. Zile herufi kubwa zilinikera. Nikaona ananiamrisha ndani ya nyumba yangu. Nikachukua mfuko nikauweka kabatini, juu kabisa, nikamletea mtoto dawa ya mizizi kutoka kwa mtaalamu mmoja anayesifika, ichanganywe na asali. Siku ya kwanza alikuwa mzima, ya tano anacheza mpira chini ya miembe. Nikampiga picha nikaihifadhi kwa ajili ya kumwonyesha mama yake. Picha hiyo ninayo.

Siku ya tisa alinyeshewa. Usiku miguu ikaanza, alfajiri kifua. Kupumua kwake kulikuwa kama anavuta hewa kupitia kitambaa. Hospitalini, mtoto ana mpira wa oksijeni puani, daktari kijana akauliza, "Dawa zake mara ya mwisho amekunywa lini?"

Nikaanza kuunda sentensi. Babu akanitangulia, kwa sauti ndogo, wala hakuwa ananishitaki: "Baba aliziweka kabatini."

Daktari hakusema kitu. Akaandika.

Mama yake alifika kesho yake usiku kwa basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo. Akanipita, akamshika mtoto paji la uso, akamuuliza nesi damu iko ngapi, akavua viatu akakaa. Mpaka tunaruhusiwa, siku ya kumi na moja, hakunitukana hata mara moja. Mara nyingine natamani angenitukana.

Siku moja daktari alituita wote wawili. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia daktari akieleza ugonjwa wa mwanangu bila mkalimani. Akasema ni kweli dawa ile ilianza kutumika kwenye kansa, lakini kwa mtoto wa sikoseli kazi yake ni kuurudisha mwili utengeneze kwa wingi ile himoglobini (wekundu wa damu) ya uchanga, ambayo haikunji chembe ya damu kuwa mundu. Haiponyi, inapunguza. Dozi hupangwa kwa kilo, na damu lazima ipimwe mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Kuhusu uzazi hakunipoza wala kunitisha: alisema kuna mambo bado yanachunguzwa kwa wanaume, tutayazungumza akikua, ila kwanza akue. Akataja utafiti uliochapishwa 2019, watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: waliotumia dawa ile maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, hata malaria na vifo vilipungua. Nilidhani ataniletea habari za Ulaya. Kongo tukisimama Kibirizi, pale Kigoma, jua likizama tunaiona milima yake.

Dakika ishirini. Ndicho kitu nilichokikimbia miezi kumi na minane.

Akatushauri na sisi tupime, hasa mimi, maana mke wangu wa sasa alikuwa mjamzito. Nikasema kwetu hakuna ugonjwa huo. Daktari akanitazama kwa upole ulioniumiza kuliko barua ya ustawi. "Mzee, mtoto akiwa na SS, S moja kaipokea kwa mama, nyingine kwako. Kipimo kitaandika tu."

Kiliandika AS, yaani nabeba S moja. Mke wangu ana AA, hana S hata moja, kwa hiyo mdogo wake Babu anaweza kuwa mbebaji tu, mgonjwa hapana. Lakini mimi na mama Babu, wote wabebaji, kila mimba yetu ilikuwa na asilimia 25 ya kutoa mgonjwa. Na mimi nilikuwa nimekaa miaka mitano nikiacha ukoo wangu useme ugonjwa umetoka Ujiji.

Nikaenda nyumbani kwa mama na karatasi yangu. Mama akarudia, "Kwetu hakuna." Shangazi alikuwepo. Akasema taratibu, "Na yule aliyekutangulia wewe? Aliyekuwa analia miguu usiku? Si tulimzungusha kwa waganga mpaka akatufia?" Sikuwahi kuambiwa kwamba nilikuwa na kaka. Mama aliendelea kuchambua mchele.

Kwa hiyo, dada, na akina baba mnaosoma kwa kujificha: ingieni wenyewe chumba cha daktari. Huwezi kusafiri, omba daktari azungumze nawe kwa simu siku ya kliniki, mama akiwa pale. Ingia na maswali yako yote, hata ya kijinga, mimi langu lilikuwa la asali. Ukiisha kusikia ndiyo ukatae, kama bado una nguvu ya kukataa. Na usimtumie mtoto kama mjumbe. Na usisimamishe dawa ya mtu kwa kumkomoa mtu. Na ingia chumba cha daktari, nimeshasema, narudia.

Sisi sasa tuna daftari la kaunta linalosafiri na mtoto. Uzito, dozi, tarehe ya kupima damu, homa, kila kitu. Mama Babu anaandika Ujiji, naandika Tabora. Ana makosa yake pia, nayajua, sitayataja. Moja tu: kwenye kadi ya kliniki, penye jina la baba, aliweka kistari. Nililiona siku niliyokwenda Kigoma kwa mara ya kwanza. Nikaomba kalamu nikajaza mwenyewe, nesi ananiangalia.

Tangu wakati ule Babu amelazwa mara moja, kwa malaria. Anakimbia. Hesabu zinampiga chenga kama zilivyonipiga mimi.

Dada wa Kaliua, usianze na barua ya wito, ianze kliniki. Ustawi wapo, lakini wawe wa pili. Na kama mzazi mwenzako atakubali, nitumie namba yake nimpigie mimi. Usimwambie nimetumwa. Mwambie ni yule muuza asali.